Msiba wa Yadi

Jumamosi ile Mzee Ulimboka alichinja ng'ombe, akafunga turubai uwanjani kwake Ikuti, akatandika mikeka na kutangaza msiba. Maiti haikuwepo.

"Nani amefariki, Tata?" aliuliza jirani yake Ambindwile, kofia mkononi.

"Yadi."

"Yadi ndiye nani? Shemeji yako?"

"Yadi ya meli, Uingereza. Niliyojifunzia kuchomelea. Rafiki yangu wa huko ameniandikia kwamba kreni ya mwisho imekatwa ikauzwa chuma chakavu."

Mchungaji alikataa kuja. Alisema hana sala ya kuombea vyuma. Watu wengine wote walikuja. Msiba ni msiba, na nyama ni nyama. Wafanyakazi wa kiwanda cha chai walitoka zamu wakaja na ovaroli zao. Wanawake walileta ndizi na kuni, wakaketi na Esnath, mke wa Ulimboka, aliyekuwa akilia tangu asubuhi. Walimpa pole kwa adabu, kisha wakakonyezana. Kulilia karakana ya Wazungu! Mama wa watu naye ameambukizwa.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana. Zamani serikali ilimpeleka Ulimboka Uingereza miaka miwili, akarudi na koti zito na domo la kulinganisha. Boila ikivuja: "Kule yadi yetu..." Mvua ikinyesha: "Kule yadi yetu..." Watu walimcheka mpaka wakachoka. Hata hivyo walimchagua awe mwakilishi wao kiwandani, kwa kuwa alijua Kiingereza na hakumwogopa meneja.

Na mwaka huo walimhitaji kweli. Serikali ilikuwa inauza kiwanda, kama ilivyokuwa inauza kila kitu. Mnunuzi alitaka nusu ya watu waondoke bila kiinua mgongo, na kwa hilo alihitaji saini ya mwakilishi wa wafanyakazi. Ulimboka alikuwa amekataa miezi mitatu mfululizo. Mishahara nayo ilisimama miezi hiyohiyo. Watu walikula ndizi tupu, wakavumilia, maadamu Ulimboka hajasaini.

"Ng'ombe mzima kwa ajili ya vyuma vya watu," alinong'ona Ackson wa boila, mdomo umejaa. "Mama yangu nilimzika kwa kuku wawili."

Abeli, mwenzake wa zamu, alitumia nafasi hiyo kumnyang'anya mfupa. Ngumi zikainuka. Ambindwile akawakemea wote wawili.

"Mmeshakula chakula cha mfiwa! Hapa hapigwi mtu mpaka matanga yaishe. Au mmesahau ninyi ni watoto wa nani?"

Ngumi zikashuka. Abeli akabaki na mfupa.

Sahani zilipokwisha kukusanywa, Ulimboka alisimama na koti lake, mikono nyuma, akaanza. Yadi ilijengwa na babu za watu wa kule, ukingoni mwa mto. Wakati wa vita ilitoa meli kila mwezi. Watu elfu nne waliingia getini king'ora kikilia, na siku ya kushusha meli majini hata shule zilifungwa. Kisha Wajapani wakajenga meli kwa bei ndogo, na Wakorea wakajenga kwa bei ndogo zaidi. Mabwana wa yadi hawakununua mashine mpya. Walinunua mazulia ya ofisini.

"Mazulia!" watu walicheka. Kumbe Mzungu naye ni mjinga!

"Serikali ikaichukua yadi, ikachoka nayo, ikaiuza. Akaja mnunuzi. Alisema ataipanua. Akataka saini moja tu, ya mwakilishi wa wafanyakazi."

Kicheko kikakatika.

"Akakataa?" aliuliza Abeli.

"Alikataa. Wenzake wakamsifu mpaka kanisani. Nyumbani watoto wakafukuzwa shule kwa kukosa ada, mke akaacha kumsemesha. Siku moja akaitwa ofisini, akapewa chai, akapewa kalamu."

"Usituambie!"

"Akasaini."

Uwanja ulilipuka. Mbwa! Bure kabisa! Mwanamke mmoja alitema mate chini. Hawa ndio Wazungu waliokuja kutufundisha ustaarabu, alisema mwingine, na wao kwa wao wanauzana kama kuku wa mnadani.

"Alipewa nini, Tata?" Ackson alifoka.

"Nyumba ya bati. Na usimamizi kwenye shamba jingine la mnunuzi."

"Basi! Nyumba ya bati! Na wale elfu nne, walimfanya nini?"

"Wewe ungemfanya nini, Ackson?"

"Mimi? Ningemfunga jiwe shingoni, nikamtupa mto Kiwira."

Watu walipiga makofi. Hata Ambindwile, mtu wa amani, alitikisa kichwa kukubali. Msaliti yule alitukanwa kwa Kiswahili, akatukanwa upya kwa Kinyakyusa, ambako matusi hukaa vizuri zaidi. Ulimboka aliwasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, wala hakumkatiza mtu. Nyuma yake Esnath alijifunika khanga usoni.

Walipoishiwa maneno, Ulimboka alikohoa.

"Mwakilishi wa yadi hakusaini," alisema. "Alikataa mpaka mwisho, na yadi wakaivunja hivyohivyo. Aliyesaini ni mimi. Jana, saa nne asubuhi, Tukuyu."

Ngumi ya Ackson ilipanda, ikafika usawa wa bega, ikakwama hapo. Ambindwile alikuwa akimtazama. Uwanja mzima ulikuwa ukimtazama.

"Matanga ni siku tatu," Ulimboka alisema, akiketi taratibu kwenye mkeka wa wafiwa. "Lori la kutuhamisha linakuja kesho."