Karani na Majibu ya Damu

Paka alikuwa tayari ndani ya boksi mjane wa fundi saa alipotoka kwenda kuchukua majibu. Bintiye ndiye aliyemtia humo, akatoboa matundu sita ili apate hewa.

"Sina ugomvi naye, mama," alisema. "Lakini chochote kitakachotajwa na hiyo karatasi, leo kinatoka humu nyumbani. Kifua chako si cha kuchezea."

Mjane alijua binti yake hana maneno matupu. Miaka mitatu nyuma, wiki moja tu baada ya mazishi, alifika asubuhi, na kufikia adhuhuri makoti, viatu na meza ya kazi ya baba yake vilikuwa vimegawiwa. Kwa nia njema kabisa.

Paka aliitwa Karani kwa sababu alikaa dirishani kutwa akikagua wapitao. Bintiye alipenda kusema mshahara anakula, kazi haionekani. Lakini tangu msiba ndiye kiumbe pekee aliyeitikia mjane akisema neno. Na kila alfajiri mjane alipiga chafya hadi macho yakavimba, kifua kikilia kama bawaba kavu. Jirani, binti, hata muuza dawa, wote walimnyooshea Karani kidole.

Kwenye benchi la kliniki alifumba macho. Mungu wangu, aliomba, umechukua mengi nikanyamaza. Aliyebaki niachie.

Daktari, mwanamke wa rika la bintiye, aliitandaza karatasi mezani wakaisoma mstari kwa mstari. Namba ya juu kabisa, mia sita na kumi na mbili, ilikuwa jumla ya kingamwili za mzio zilizomo katika damu.

"Hii inatuambia tu kwamba mwili unapigana, mama. Haimtaji adui. Adui tunamtafuta huku chini."

Kidole kikateremka. Chavua, hakuna. Mende, hakuna. Kisha paka: sifuri nukta sifuri nane.

"Hiyo ni kubwa?"

"Hiyo si kitu. Chini ya sifuri nukta tatu tano hatuhesabu. Paka wako hana kosa."

Mjane alicheka mpaka akakohoa.

Mstari wa mwisho ulionyesha hamsini na nne. Huo ulikuwa wa utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo daktari alisema hupenda magodoro na mito ya siku nyingi. Akauliza kama kuna kitu kitandani ambacho hakijafuliwa muda mrefu. Mjane akajibu kwamba shuka hubadilisha kila Jumamosi.

"Na mto?"

Mjane akatazama viatu vyake. Upo mmoja, alisema, wa sufi.

Basi huo ndio wa kuutupa, daktari akamwambia, wala asiuonee huruma. Hata ukifuliwa kwa maji ya moto, sufi ya zamani haiaminiki. Akaandika hivyo mwishoni mwa karatasi kwa herufi kubwa.

Njiani mjane alisimama mbele ya duka la magodoro. Aliinua mto mpya, akaunusa. Ulinuka plastiki. Akaurudisha taratibu, akaikunja karatasi mara nne na kuisukumiza ndani kabisa ya mkoba.

Bintiye alikuwa mlangoni, mikono ya blauzi imeshakunjwa.

"Haya mama. Wamesema nini? Karatasi iko wapi?"

Mjane akajibu kwamba imebaki kwenye faili. Ndani ya boksi Karani alisikia sauti yake, akaanza kulia na kukwaruza. Mjane alimwomba Mungu msamaha kwanza, moyoni, ndipo akafungua mdomo.

"Ni paka," alisema. "Mpeleke."

Nyumba ilipokuwa kimya, aliingia chumbani, akalala upande wa kitanda usio wake, akauzamisha uso kwenye mto ambao kwa miaka mitatu hakuruhusu uguswe na maji. Mafuta ya nywele ya fundi saa yalikuwa bado yananukia, kwa mbali sana. Akavuta pumzi ndefu, upesi, kabla chafya hazijaanza.