Bomba la Baiskeli

Mhunzi aligonga fremu ya ile baiskeli kuukuu, na bomba lake la juu, lililoliwa na kutu, likakatika mikononi mwake.

"Umeuziwa chuma chakavu, mwanangu," alimwambia Dionisi. "Bomba la kuweka hapa sina, na Ifakara nzima hulipati."

Dionisi aliinamisha kichwa. Tangu vita vya Maji Maji vilipokwisha alikuwa mpagazi wa Wajerumani, akiwapandishia mizigo kichwani hadi milima ya Mahenge. Baiskeli hii ndiyo ingemtoa huko, apeleke mchele wake mwenyewe sokoni. Tayari alikuwa ameusugua mnyororo kwa mafuta ya ufuta na kuyajaza magurudumu utomvu wa mpira wa porini.

Mama yake, aliyekuwa amekaa kando, aliinuka akaenda nyumbani. Alirudi na kitu kirefu ndani ya mkeka, akaukunjua miguuni pa mhunzi. Ulikuwa mtutu wa gobore la mumewe aliyeuawa vitani. Mama alikuwa ameuficha kwenye nyasi za paa miaka yote hiyo, na bado uling'aa, kwa kuwa hakuacha kuupaka mafuta.

Mhunzi aliufunika haraka. "Mama, askari wakiuona watatunyonga!"

"Basi ukate uwe bomba kabla hawajauona."

Dionisi akamshika mkono. "Mama, hicho ndicho pekee alichotuachia baba."

"Aliniachia wewe," mama akajibu, "na shingo yako imeanza kupinda."

Akaupapasa mtutu taratibu, kutoka mdomoni hadi mwisho wake, kisha akauweka mwenyewe kwenye makaa ya mhunzi.