Jina Nyuma ya Mgongo

Hessel Tolsma alikuwa amekaa ndani ya boti mpya, makasia mkononi, amepigwa marufuku kugeuka. Nyuma ya mgongo wake Bi Froukje, mwenyekiti wa chama cha wapiga makasia, alikuwa akiimwagia pua ya boti jenever, ile pombe kali ya kwao, na nyingine akijimiminia kooni.

"Ukigeuka tu, Hessel, unazama," alisema. "Unayakumbuka ya Sjoerd."

Jimbo zima la Friesland, huko Uholanzi, liliyakumbuka. Sjoerd aligeuka kusoma jina la boti yake mpya kabla haijamaliza mbio hata moja, akazama mbele ya meya, mahali ambapo maji yanafika magotini. Tangu siku hiyo boti mpya hubandikwa karatasi juu ya jina, na karatasi hubanduliwa mpiga makasia akishakaa. Kwa kuwa yeye huenda mbele akitazama alikotoka, jina hulisoma akishavuka mstari wa mwisho.

Hessel hakuwa na haja ya kugeuka. Jina alilijua. Majira yote ya baridi ndiye aliyeipiga msasa boti ile na kuipaka vanishi, na siku moja Bi Froukje alipita akamkonyeza: "Tutaipa jina la mtu ambaye bila yeye chama hiki kingekuwa baa tu yenye makasia ukutani." Nani mwingine? Nani aliyefagia banda, nani aliyefundisha watoto wa watu, nani aliyeshika nafasi ya pili bila kukosa tangu akiwa na nywele?

Ya pili, kila mwaka, nyuma ya Wiebe Rypkema.

Kombe la mji ule huchongwa jina la boti, si la mtu. Walitaka hivyo matajiri wa zamani, waliokuwa na boti lakini hawakuwa na mikono ya kupigia makasia. Na mwiko ni mwiko: hakuna anayeruhusiwa kuipa boti jina lake mwenyewe, sharti apewe na wenzake. Basi Wiebe aliiita yake Baukje, kwa jina la mkewe, na kombe likajaa Baukje, Baukje, Baukje, hata wageni wakadhani bingwa ni mwanamke. Lakini Hessel akishinda leo, kombe litaandikwa Hessel Tolsma. Hakuwa na mke wala mtoto wa kulibeba jina hilo. Alilitaka kombe lile kuliko kitu chochote duniani.

"Hessel!" Wiebe alimwita kutoka njia ya pili. "Nikusubiri kule mwisho na samaki wako wa vitunguu, kama kawaida yetu?"

"Leo samaki utamla peke yako, na miiba yake. Ungekuwa mwanamume ungeiomba wewe boti hii mpya."

"Nipande nyingine, na Baukje yule pale ukingoni na mwavuli wake? Unataka nikalale bandani na bata?"

Karatasi ikabanduliwa. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mzee mmoja akasema, "Haki yake kabisa!" Hessel akauma mdomo asilie. Wiebe naye aligeuza shingo, akaitazama pua ya boti ile kwa muda, na mizaha yake ikakatika.

Bendera ikashuka.

Katika maisha yake yote ya mbio Hessel hakuwahi kumwona Wiebe akiwa majini, kwa kuwa aliyekutangulia yuko nyuma ya kisogo chako. Alishawaona wengine wote, wakihema na kutapika. Leo, nusu ya njia, kwa pembe ya jicho aliona mkia wa boti ile, Baukje. Kisha akaona sikio. Kisha mgongo mzima wa Wiebe, fulana kavu kama imetoka kabatini, makasia yakichota maji kama mtu anayeonja supu.

"Amezeeka, maskini," aliwaza Hessel, akavuta kwa nguvu zaidi.

Ukingoni watu walikuwa wameshikwa na wazimu. "Wiebe! Wiebe! Twende, Wiebe!" Hessel alichomwa moyo. Hata leo, nimekalia jina langu mwenyewe, wanamshangilia yeye! Na kadiri alivyomwacha, ndivyo walivyozidi kumwita Wiebe na kushikana mbavu kwa kicheko. Bi Baukje peke yake, mwavuli juu, alikuwa akiliita jina lake mwenyewe: "Baukje! Baukje, vuta, fedheha gani hii!"

Hasira ikampa Hessel mikono mingine. Honi ikalia. Alikuwa wa kwanza. Aliyaachia makasia, akafunika uso, akalia waziwazi mbele ya mji mzima bila haya.

Wiebe alifika taratibu, akaishika boti ya mwenzake ubavuni. Naye machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Asante, Hessel."

"Asante ya nini? Nimekushinda!"

"Umenishinda. Sasa geuka, si umesharuhusiwa?"

Hessel akageuka. Kwenye pua ya boti, juu ya vanishi aliyoipaka kwa mkono wake, kulikuwa na herufi za dhahabu: WIEBE RYPKEMA.

"Miaka yote hii kombe halikuwahi kuniandika mimi," Wiebe alisema. "Leo nalala na bata, najua. Lakini na wewe, ndugu yangu, ulichelewa mno kunipita. Mikono imekufa ganzi kwa kukungoja."