Hisa za Uchumba wa Zawena

Siku hizi uchumba ukitangazwa tu, hisa zake zinaingia sokoni. Unanunua bei ikiwa chini, unangoja ndoa ifungwe, unapata faida yako. Uchumba ukivunjika, hasara ni yako.

Bi Msimu, mwenye nyumba ya kupangisha Magomeni, alikuwa amechoka na wapangaji. Choo kinaziba, umeme unagombewa kila siku. Kodi yao yote aliitia katika uchumba wa Zawena, mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuwa aolewe Ijumaa.

Asubuhi moja kabla ya Ijumaa hiyo, Zawena alimfuata jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama, simtaki tena Hatibu. Jana alinizaba kofi, kisha akacheka."

Bi Msimu aliendelea kupepeta mchele. Angeweza kuuza hisa zake kabla habari haijatoka, lakini simu ilikuwa chumbani na miguu ilikuwa ikimuuma.

"Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu," alisema. "Vumilia. Mkishaoana atatulia."

Maneno hayo naye aliambiwa na bibi yake, enzi ambazo hayakuwa na bei. Sasa hakujua kama anamuusia binti au analinda mtaji wake.

Zawena alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Asante, mama. Hata mama yangu mzazi kaniambia hivyo hivyo."

Bi Msimu aliinamia ungo. Majina ya wenye hisa huonekana na kila mtu, isipokuwa maharusi wenyewe. La kwanza kabisa lilikuwa la mama yake Zawena.