Maji Si Yanatoka?

Sikudhani alikuwa ameshachoka kueleza. Programu aliyoitunza, inayoendesha pampu za maji za mji, ilitegemea programu nyingine ya chini yake, iliyoandikwa na watu wa mbali. Watu hao walikuwa wametangaza kwamba toleo lijalo litafuta amri ambazo bila hizo pampu haziwaki. Programu ya Sikudhani isiporekebishwa mapema, mji mzima utakauka.

Bwana Machano, mkuu wa ofisi, hakubishana kamwe. Kila akiambiwa, alijaza glasi bombani na kuitua mezani kwa Sikudhani.

“Maji si yanatoka?”

“Yanatoka, bosi. Lakini toleo jipya likija...”

“Likija tutajua.”

Wimbo wa ufa na ukuta Sikudhani alishauimba mpaka ukachuja. Glasi tatu zilikuwa zimejipanga mezani. Kwa hasira, hakuzigusa.

 Asubuhi moja alichukua toleo la majaribio la ile programu ya chini, akaliweka kwenye pampu ndogo inayopandisha maji ya ofisi peke yake.

Mchana Bwana Machano akaja na glasi yake. Bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Akalizungusha mpaka mwisho, kisha akageuka, glasi tupu mkononi.

Bila kuinua macho, Sikudhani akamsogezea mojawapo ya zile tatu.

“Karibu maji, bosi.”