Binti Aliyemkuta Bibi

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni ndala. Ilikuwa moja, katikati ya barabara, imeelekea kule bibi alikokuwa akienda, kana kwamba inamngoja amalizie hatua. Bibi mwenyewe alimwona baadaye.

Muuza matunda wa pale kona ndiye aliyefika mbio. Alimkuta binti amepiga magoti, amekunja pazia la mteja alilokuwa akilipeleka na kuliweka chini ya kichwa cha bibi. Mkono wa bibi ulikuwa umeushika wake. Baiskeli ya binti, ya umeme kama zilivyo nyingi siku hizi, ilikuwa imelala pembeni, kama ya mtu aliyeitupa kwa haraka ya kuokoa.

"Nani kamgonga?"

Binti alifungua mdomo. Lakini tangu utotoni maneno yake yalichelewa kutoka, na watu hawana subira.

"Ameshakimbia," muuza matunda alijijibu, macho yake mwisho wa barabara. "Hizi za betri! Hazina sauti, hazina namba. Utamkamata nani?"

Bibi alikata roho kabla ya kufika hospitali. Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari moja: mtu kagonga akatoroka, na yule binti wa kwa fundi mapazia ndiye aliyemkuta bibi. Askari alipokuja kuuliza, fundi, mama aliyemwajiri binti, alimjibia.

"Usimsumbue, afande. Mtoto wa watu ana haya. Hata mimi nikitaka kujua kama ameshiba, natazama sahani."

Askari alicheka, akaandika, akaondoka.

Tangu siku ile binti hakuipanda tena baiskeli. Aliisukuma kwa mkono, mapazia yamejaa kikapuni, jua la mchana kichwani. Fundi alidhani betri imekufa, akaipeleka ikapimwe. Betri ilikuwa nzima.

Na kila alipoisukuma, nyuma yake ilikuja ndala. Moja tu, ikiburuzwa, kisha mguu mtupu. Ndala, mguu. Ndala, mguu. Akisimama, inasimama. Akigeuka, barabara tupu, nyeupe kwa jua.

Binti wa marehemu, muuguzi wa zahanati, alimfanya mdogo wake. Alilifua lile pazia kwa mkono wake, akalipiga pasi, akalirudisha. Kila Jumapili alimwita nyumbani na kumkalisha kwenye kiti cha marehemu, chenye mto uliobonyea katikati.

"Mama hakufa peke yake," alimwambia. "Hilo ndilo linalonilaza. Alisema chochote, mdogo wangu?"

Binti alitazama sakafu. Vidole vyake vilichezea uzi wa mto.

"Basi, basi. Najua inakuuma. Kula."

Miezi miwili ikapita. Halmashauri ikaita watu ukumbini watoe maoni juu ya sheria mpya: kila baiskeli ya umeme iwe na namba, iwekewe kifaa cha kutoa mlio inapotembea, na mpandaji awe na leseni baada ya kufanya mtihani wa kuandika.

Pande zote mbili zilimtaka binti aseme.

Kiongozi wa wapanda baiskeli, waliyemwita Chaji kwa sababu hachoki kusema, alimwinamia sikioni.

"Wewe Kimya, uliishia darasa la tano. Mtihani wa kuandika utaupita kwa dawa gani? Kazi yako ndiyo hiyo inaondoka. Simama uwaambie! Au ulimi nao umeupeleka kwa fundi ukapimwe?"

Wenzake wakaangua kicheko.

Upande wa pili muuguzi aliukamata mkono wake. Kiganja chake kilikuwa na joto.

"Waache. Wewe sema ulichokiona tu. Hizi zikibaki bila namba, aliyemuua mama nitakuwa napishana naye kila siku. Pengine hata namsalimia."

Walisema wengi. Chaji alisema punda wake huyu wa betri hali majani wala hachafui barabara, sasa kosa lake nini. Muuza matunda alisema punda unamsikia akija. Ukumbi ukacheka, kisha watu wakamkumbuka marehemu.

"Tumsikie binti aliyemkuta," alisema mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani.

Fundi alikuwa ameshasimama. "Mwenyekiti, huyu ana haya. Niruhusu nimsemee."

"Kaa, mama. Leo tutamngoja."

Binti alisogea hadi kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti aliweka kalamu mezani. Feni ilizunguka. Mtu alikohoa, akajizuia. Dakika nzima ikapita na hakuna aliyemmalizia maneno. Jambo hilo halijawahi kumtokea maishani.

"Sitaki kukuchosha, mwanangu," mwenyekiti alisema polepole. "Nina swali moja. Ulipokuwa naye pale chini, marehemu alisema neno lolote kuhusu aliyemgonga?"

Muuguzi aliinuka nusu kwenye kiti chake.

Binti hakukitazama kipaza sauti. Alimtazama muuguzi.

"Alisema, dada. Alinishika mkono, akaniambia: 'Nisamehe, mwanangu, nimekuingilia njiani. Sikukusikia ukija.'"