Uso wa Somavve

Asubuhi ya kwenda kuhojiwa, Honnavve alijipaka mafuta ya nazi kichwani, akavaa sari aliyoitunza sandukuni tangu harusi ya bintiye.

"Mama, unakwenda kutoa ushahidi, huendi ngomani," mkwewe, Revoja, alimwambia.

"Nakwenda kumwona mwanangu. Miaka tisa sijamtia machoni. Unataka niende mchafu?"

Hilo ndilo lililomtia Revoja hofu. Alikuwa amemchonga mungu wa kike atakayekaa katika chumba cha ndani cha hekalu jipya, na kwa miaka mitatu tindo lake halikufuata vipimo vya vitabu peke yake. Lilimfuata Somavve, mkewe, aliyekufa kwa homa huko kwao kabla Revoja na mama mkwe hawajahamia hapa. Mwiko aliujua tangu utotoni: uso wa marehemu hauabudiwi. Ikithibitika, sanamu hupigwa nyundo na vipande hutupwa ziwani.

Kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe. Maroja, mchongaji mwenzake aliyezaliwa na kijicho, alimsikia akilinong'oneza jiwe, "Somavve, geuka kidogo." Huyo, mbio kwa kuhani. Na kwa kuwa hapa hakuna mwingine aliyewahi kumwona Somavve akiwa hai, kuhani akaagiza aletwe mama mzazi.

"Ukisema ndiye, wanamvunja," Revoja alimsihi njiani. "Atakuwa amekufa mara ya pili, mama. Safari hii sitapona."

"Nimekusikia, baba. Na kile kishimo chake cha shavuni?"

"Nimekiweka. Kidogo tu, kuhani asikione."

Honnavve akafuta macho kwa pindo la sari. "Basi kaza mwendo."

Hekaluni kuhani alipima uso wa sanamu kwa uzi: paji la uso, pua, kidevu. Vyote vikalingana na vipimo vya vitabu, hata unywele haukuzidi.

"Uzi haujui watu," Maroja akaguna. "Muulizeni mama."

Honnavve akachukua taa ya mafuta, akausogelea ule uso wa jiwe la kijivu. Mboni za macho zilikuwa bado hazijachongwa. Akatazama kutoka kulia, akatazama kutoka kushoto, akapitisha kidole shavuni polepole. Alikawia mpaka Maroja akaanza kutabasamu.

"Haya, mama," kuhani akasema. "Huyu ni binti yako?"

Machozi yakamtiririka Honnavve kama mtu aliyepokea habari za msiba. Revoja akafumba macho. Alijua yamekwisha.

"Huyu si binti yangu," Honnavve akasema.

"Mbona unalia?" Maroja akaropoka.

"Nalia kwa sababu si yeye."

Kuhani akakunja uzi wake na kumwambia Maroja akatafute kazi ya kufanya. Kesho mboni zitachongwa kwa tindo la dhahabu, na mungu wa kike atafumbua macho. Baada ya hapo hakuna mchongaji wala ndugu yake atakayevuka tena kizingiti cha chumba kile. Revoja hakujali. Somavve atakaa humo miaka elfu, akiwashiwa taa na kuvishwa maua, na yeye atakufa akijua yuko salama.

Nje, akaanguka miguuni pa mama mkwe na kugusa nyayo zake, huku akicheka na kulia kwa pamoja.

"Umemwokoa, mama! Hata mimi nusura nikuamini! Uongo mtamu namna ile umejifunzia wapi?"

Honnavve alimwinua. Akamfuta vumbi la jiwe usoni, kwanza shavu moja, kisha la pili, kama anavyofutwa mtoto aliyeanguka.

"Sikudanganya, mwanangu," akasema. "Nimemtafuta Somavve kwenye lile jiwe kila pembe. Hayumo."